Prado na ringi 16: tairi gani kwa mawe ya uwanda na matope ya Pemba?

mkaazi_mtende

Assalaam alaikum jamani. Naomba ushauri wa tairi kabla sijatoa pesa.

Gari ni Prado J90. Ringi ni 16 yenye upana wa inchi 7, na saizi iliyoandikwa mlangoni ni 265/70R16. Tairi zilizopo zimebakiwa na kashata (vile vinundu vya mpira vya uso wa tairi) za milimita 3, na mbili zina mikato ubavuni. Matumizi: sehemu saba katika kumi ni lami, mjini na kurudi kusini. Zilizobaki ni njia za mawe baina ya Kizimkazi na Mtende, mchanga wa pwani, na msimu wa karafuu gari huvuka kwenda Pemba mpaka Makangale, tena vuli ikiwa imeshaanza.

Dukani kuna AT (tairi ya njia zote) ya kawaida, AT nyingine yenye herufi LT (ya magari madogo ya mizigo) mbele ya saizi, na MT (tairi ya matope) ya kashata kubwa kubwa. Muuzaji anashikilia nivae 285/75 ili gari ikae juu. Mtumba nao upo, nusu ya bei. Nichukue ipi, na upepo nitie kiasi gani?

---

fundi_wa_ringi

Waalaikum salaam. Tazama kwanza kinachokuulia tairi. Ile mikato miwili ya ubavuni imeshakujibu: ni mawe, si matope. Uwanda wote ule ni matumbawe ya kale yaliyoliwa na maji ya mvua yakabaki ncha na makali. Ncha ikikutana na uso wa tairi, chini ya kashata kuna mikanda ya waya wa chuma inayoizuia. Ubavuni hakuna chuma, kuna nyuzi na mpira basi. Na wakati wa mvua ni mbaya zaidi, kwa sababu mpira uliolowa hukatika upesi kuliko mkavu. Maji hufanya kazi ya mafuta kwenye kisu.

Pancha ya usoni inazibika kwa kamba au, vizuri zaidi, kwa kiraka cha ndani, mradi tundu lisizidi milimita 6. Mkato wa ubavu hauzibwi. Anayekubandikia kiraka pale anakuuzia siku chache, na siku ya kupasuka huichagui wewe.

Kwa hiyo chukua LT. AT ya kawaida ya saizi yako kwa kawaida huandikwa 112S: 112 ni kilo 1,120 kwa tairi moja, S ni mwendo wa kilomita 180 kwa saa. LT ya daraja E (daraja la uwezo wa kubeba) mara nyingi huandikwa 121/118, na 121 ni kilo 1,450. Prado yako haihitaji kubeba uzito huo, lakini ubavu unaobeba uzito huo ni mgumu kuukata. Hapo usikubali maneno matupu ya "plai kumi". Kumi ile ni kipimo cha nguvu tu, si idadi ya tabaka. Inama usome maandishi madogo karibu na ringi: kuna neno SIDEWALL, kisha namba ya tabaka. Nyingi ni 2. Ukipata 3, hiyo ndiyo ya uwandani.

Hasara zake uzijue pia. Kila tairi itazidi kama kilo nne au tano, gari itakuwa nzito kidogo kuondoka na kusimama, mafuta yataongezeka, na matuta ya barabarani utayahisi mgongoni.

Hiyo 285/75 iache dukani. Kipenyo cha 265/70R16 ni milimita 777, cha 285/75R16 ni 834. Tofauti ni 57, lakini gari hupanda nusu yake tu, milimita 28. Kwa hizo 28 utapata mambo haya: mshale wa mwendo ukisema 80 wewe uko karibu 86, gia zote zinakuwa ndefu na injini inachoka kilimani, tairi inasugua ukikata kona mpaka mwisho, na ringi yako ya inchi 7 haitoshi, maana saizi hiyo inataka kuanzia 7.5. Ukitaka lazima kupanda, mwisho wako ni 265/75R16. Kipenyo 804, gari inainuka milimita 13, na mshale wa 80 ni kama 83. Hata hiyo, funga moja mbele kwanza, zungusha usukani pande zote mpaka mwisho, utazame kama inagusa madigadi, ndipo ulipe zilizobaki.

---

konde_kwetu

Fundi kasema kweli kwa Unguja. Pemba ni habari nyingine.

Huku adui ni udongo. Mwekundu, wa kunata, tena uko kwenye vilima. Ukiacha lami ya Konde ukashika njia za ndani kuelekea Ngezi na Vumawimbi baada ya mvua, mifereji ya AT hujaa tope kabla gurudumu halijazunguka mara tatu. Kuanzia hapo unaendesha tairi kipara, hata kama umeinunua jana. MT ina nafasi pana baina ya kashata, na kashata za pembeni zinashuka mpaka begani, ndiyo maana inajisafisha na inaupanda ukingo wa mkondo ulioachwa na magurudumu ya malori.

Lakini sikwambii uvae MT. Inajisafisha kwa kuzunguka kwa kasi. Ukienda polepole inajaa kama nyingine. Na sehemu zako saba ni lami. Kashata chache zenye vichanio (mikato myembamba juu ya kashata) vichache hazishiki lami iliyolowa, na masafa ya kusimama yanarefuka. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi, mafuta yakiwa yameelea juu ya lami pale mizunguko ya mjini, MT ni ya kuogopwa. Kelele zake nazo, na zinaliwa upesi kwenye joto.

Tafuta AT yenye bega lililo wazi: mifereji ya pembeni itoke mpaka nje, isiishie kwenye mstari wa mpira uliozunguka tairi nzima. Hilo tu linakupa zaidi ya nusu ya unachokitafuta kwenye MT. Halafu usiipanue. Kwenye tope jepesi lenye udongo mgumu chini yake, tairi nyembamba huchimba ikaufikia ugumu, na pana huelea juu ikateleza. 265 yatosha.

La mwisho ni la gari yenyewe. J90 nyingi zinavuta magurudumu yote manne muda wote. Kile kishikio kidogo kina H, HL, N na LL. Kwenye H difu ya kati, inayogawa nguvu baina ya mbele na nyuma, iko huru, gurudumu moja likiteleza linakula nguvu yote. Tia HL, inayoifunga difu hiyo, kabla hujaingia topeni, si baada ya kukwama. Mteremko wa utelezi shuka na LL (imefungwa vilevile, lakini ya mwendo mdogo wenye nguvu), gia ya kwanza, mguu mbali na breki. Ukirudi lamini rudisha H mara moja, vinginevyo difu na shafti zinabanana na tairi mpya zinaliwa pembeni.

---

spea_na_tairi

Kaka, kuhusu mtumba, sina la kuficha maana na mie nauza.

Anza na tarehe. Kwenye ubavu kuna DOT na mwisho wake tarakimu nne. 1424 maana yake wiki ya 14 ya mwaka 2024. Ikiwa upande unaouona hauna tarakimu, ziko upande wa pili, igeuze. Mpira unazeeka hata bila kutembea, na jua la kwetu halisaidii. Ikishavuka miaka sita ikaguliwe kila mwaka. Ikifika kumi ni ya kufungia boti bandarini. Kashata za milimita 9 kwenye tairi ya miaka tisa zinakudanganya.

Halafu tia mkono ndani. Ukiona duara jeusi au lililokwaruzika limezunguka ndani ya ubavu, au unga wa mpira, tairi hiyo iliendeshwa bila upepo. Nyuzi zimekwisha, kwa nje inang'ara. Usiichukue hata ya bure.

Tatu, na hili watu wengi hawalijui: gari na tairi nyingi zinakuja kutoka Japani na baadhi ni tairi za theluji. Zimeandikwa STUDLESS, na kashata zake zimejaa vichanio vyembamba kama vya wembe. Mpira wake umechanganywa laini kwa ajili ya barafu. Kwenye lami ya saa saba mchana inaliwa kama kifutio, na kwenye mawe inakatika vipande. Kuona M+S (matope na theluji) peke yake si kosa, AT nyingi zinayo. Angalia hilo neno.

Na kwa Prado ya kuvuta zote nne, kununua mbili mbili ni hasara. Mpya mbele na chakavu nyuma haziwi na mzunguko sawa, difu ya kati inafanya kazi bila kupumzika hata kwenye njia iliyonyooka, inapata moto. Nunua nne za aina moja, au tano na spea ukiweza, kisha uzizungushe zote tano kila kilomita 8,000 hadi 10,000.

---

mkaazi_mtende

Ahsanteni sana. Basi nimeelewa: LT, 265/70R16, bega wazi, tabaka tatu, na mpya. Yamebaki mambo mawili. Upepo: nifuate kibandiko cha mlangoni? Na fundi wa jirani anasema nitie tyubu ndani kwa ajili ya mawe, ni sawa? Halafu kuna safari moja moja ya kisiwa cha Uzi.

---

fundi_wa_ringi

Tyubu usitie. Tairi isiyo ya tyubu ikitobolewa na msumari hushusha upepo taratibu, unafika nyumbani. Tyubu hupasuka mara moja. Tena ukipunguza upepo kwa ajili ya mchanga, tairi inateleza kidogo kwenye ringi, tyubu inavutwa, na shingo ya vali inakatika. Jiwe linalokata ubavu halisimamishwi na tyubu.

Upepo. Kibandiko kile kiliandikwa kwa tairi ya kawaida. LT hutaka upepo zaidi kubeba uzito uleule. Anza na psi 36 (namba zote za upepo hapa ni psi) asubuhi tairi zikiwa baridi, nyuma ongeza mpaka 40 gari ikijaa watu na magunia. Kisha hakikisha kwa chaki: chora mstari mpana kukata uso wa tairi, endesha mita hamsini lami iliyonyooka, shuka utazame. Chaki ikifutika katikati tu, upepo umezidi. Ikifutika pembeni na katikati ikabaki, umepungua. Mstari ukifutika wote sawa, andika namba hiyo mahali, hiyo ndiyo ya gari yako. Usitie 80 kwa sababu ubavuni pameandikwa 80. Ule ni mwisho wa tairi.

Njia za mawe shusha mpaka 28 hivi na mwendo usizidi 30. Tairi ngumu mno inagonga ncha na kukatika; iliyolegea kidogo inaizunguka. Ila usishuke sana, kwa sababu ubavu unatuna nje na unajipeleka wenyewe kwenye jiwe. Na usipite jiwe kwa ubavu. Lipandie na uso wa tairi, au lipite mbali. Mchanga mwepesi ni 18, ukikwama 15. Chini ya hapo, ukikata kona kali, mdomo wa tairi unachomoka kwenye ringi. Kupunguza upepo hakupanui tairi kama watu wanavyodhani. Kunaongeza hasa urefu wa alama inayokaa chini. Matope ya Pemba yasiyo na mawe, 22 mpaka 25. Kote huko, ukifika lamini jaza kabla ya kukimbia. Tairi ya 18 kwenye mwendo wa 80 inapata moto ndani mpaka nyuzi zinaachana na mpira, na haikwambii mpaka siku nyingine kabisa. Kwa hiyo pampu ya kushika moja kwa moja kwenye betri inunuliwe siku moja na tairi, si mwezi ujao. Ile ndogo ya tundu la kiberiti huunguza fyuzi na tairi za ukubwa huu.

Uzi: ile njia ya mikokoni kutokea Unguja Ukuu ni ya kupita maji yakiwa yametoka, na bamvua hukupa muda mfupi kuliko unavyodhani. Mawe ya chini yamelowa saa zote, kwa hiyo yale niliyosema ya mpira uliolowa yanahusika hapo kuliko kokote. Ukirudi osha kwa maji yasiyo ya chumvi upande wa ndani wa ringi, breki na karanga za magurudumu. Chumvi ikikaa pale ringi inaposhikana na tairi inakula chuma, upepo unaanza kuvuja kidogo kidogo, na utatafuta pancha isiyokuwepo.

Siku ya kufunga, karanga zikazwe kwa spana ya kipimo, takriban 110 Nm, kwa kupishana na si kwa kuzunguka. Zirudie baada ya kilomita 50 hadi 100. Na spea ya LT ni nzito, inaning'inia mlango wa nyuma: angalia bawaba za mlango kama zimeshaanza kulegea kabla hujaiongezea hizo kilo.

---

konde_kwetu

Na ukija huku na karafuu zikiwa juani, usigeuzie gari kwenye majamvi ya watu. Karibu.