Maktaba ya GPLv2 na OpenSSL 3 ndani ya kifurushi kimoja: je, leseni zinagongana?

Swali
Ndugu zangu, ninaandaa programu ya kutunza hesabu za duka, ambayo wateja wataipakua kama kifurushi kimoja cha Windows. Ndani yake kuna maktaba (msimbo uliokwisha andikwa, wa kutumiwa ndani ya programu nyingine) ya watu wengine ya kuchapa risiti, yenye leseni ya GPL toleo la 2 (GPLv2), inayotaka programu iliyojengwa juu yake itolewe chini ya leseni hiyohiyo, pamoja na OpenSSL 3 inayolinda mawasiliano na seva. Msimbo wangu niko tayari kuutoa chini ya GPL. Mwenzangu anashikilia kwamba, maadamu vyote ni programu huria, hakuna la kuhofia. Je, ni kweli?

Jibu la kwanza
Si kweli, ndugu, na umefanya vyema kuuliza kabla ya kusambaza. Tangu toleo la 3.0 lililotoka Septemba 2021, OpenSSL inatumia leseni ya Apache 2.0, ambayo humwondolea haki za hataza (haki ya kipekee juu ya uvumbuzi) yule anayefungua kesi akidai kwamba programu hiyo inakiuka hataza yake. Sharti hilo halimo katika GPLv2, ambayo kifungu chake cha 6 kinakataza kumbebesha mpokeaji vizuizi vya ziada. Kwa sababu hiyo Free Software Foundation, shirika linalotoa GPL, huhesabu Apache 2.0 kuwa inapatana na GPLv3 ya mwaka 2007, lakini si GPLv2 ya mwaka 1991. Fungua faili za maktaba yako usome tamko la hakimiliki neno kwa neno: likiruhusu "toleo la 2 au lolote la baadaye", chagua la 3 na mgongano utakwisha.

Jibu la pili
Lakini kifungu cha 3 cha GPLv2 si kinasamehe maktaba za mfumo wa uendeshaji?

Jibu la kwanza
Kinazisamehe, ila msamaha huo hautumiki pale maktaba yenyewe inaposafiri pamoja na programu, na hapa OpenSSL imo ndani ya kifurushi.

Jibu la tatu
Msamaha huohuo ndio unaokupa njia ninayoiona kuwa bora. Windows ina Schannel, maktaba yake yenyewe ya kulinda mawasiliano. Ukiitumia hiyo, huhitaji kufungasha chochote cha ziada. Ukitaka msimbo mmoja unaofanya kazi hata kwenye Linux, Mbed TLS, maktaba nyingine ya kulinda mawasiliano, hutolewa kwa leseni mbili, Apache 2.0 au GPLv2 na za baadaye, nawe unachagua. Kuomba ruhusa maalumu ya kuunganisha na OpenSSL kunawezekana pia, lakini lazima wakubali wenye hakimiliki wote, hata aliyechangia kipande kidogo miaka mingi iliyopita.

Muulizaji
Ahsanteni sana. Nimekagua faili zote: tamko linasema toleo la 2 pekee, na wachangiaji ni wengi mno kuwafikia. Nitahamia Schannel, na msimbo chanzo nitauweka mahali pale pale wateja wanapopakulia programu.