Ukaguzi wa nishati: sheria ya Kenya inadai nini?

Swali: Ndugu zangu, je, kiwanda chetu cha kusaga unga hapa Nakuru kinalazimika kisheria kukaguliwa matumizi yake ya nishati?

Jibu: Kanuni za Usimamizi wa Nishati za mwaka 2012 zinakihusu kila kituo kinachotumia zaidi ya kilowati-saa 180,000 kwa mwaka, nacho hukaguliwa kila baada ya miaka 3 na mkaguzi mwenye leseni.

Jibu: Naongezea jambo ambalo wenye viwanda wengi hulipuuza: ripoti peke yake haitoshi, kwani angalau nusu ya akiba ya nishati iliyopendekezwa na mkaguzi sharti ipatikane ndani ya miaka hiyo 3, na kwangu hicho ndicho kifungu chenye uzito. Ili kuipata akiba hiyo, anzeni kwa kukaza mikanda ya mota iliyolegea.

Mwuliza swali: Ahsanteni sana, nitapiga hesabu ya bili zetu.