Baridi ya Lubumbashi: na sisi wageni tuifurahie vipi?

Mama wa Ibanda:
Jambo wapendwa. Sisi ni watu wa Bukavu, mashariki ya Kongo. Mume wangu alihamishiwa kazi huku Lubumbashi, kusini ya Kongo, wakati wa mvua, tukapanga nyumba mtaa wa Katuba, na hali ya hewa haikututisha hata kidogo. Mwezi wa tano ulipoingia mambo yakageuka. Alfajiri watoto wanaamka midomo imepasuka, mdogo anakohoa, na maji ya bomba hayashikiki. Ikifika saa sita mchana jua linawaka, sweta zote zimetupwa juu ya kiti. Jua likizama tu, tunazitafuta tena.

Bukavu iko juu kuliko hapa, na tulidhani baridi tunaijua. Kwa nini usiku wa huku ni mkali hivi? Pia jirani ameniambia niingize mbabula (jiko la mkaa) chumbani watoto wakienda kulala. Ni salama?

Halafu naona wenyeji wanaufurahia msimu huu, harusi kila Jumamosi. Sitaki sisi tuwe watu wa kuhesabu siku mpaka mvua irudi. Nielekezeni.

Muuguzi wa Ruashi:
Karibu sana mama. Naanza na mbabula kwa sababu hilo haliwezi kungoja. Usiingize chumbani. Makala (mkaa) yakiwaka hutoa monoksidi ya kaboni, gesi isiyo na rangi wala harufu, nayo huizuia damu kubeba oksijeni. Aliye macho atasikia kichwa kinauma, kizunguzungu, kichefuchefu, anaweza kutoka nje. Aliyelala hasikii kitu. Watu wengi huamini kwamba makala yakishakuwa mekundu na moshi ukaisha hayana madhara tena. Si kweli, gesi bado inatoka. Oteni moto nje, kisha mbabula ubaki huko huko nje. Na hata nje, watoto wadogo wakae mbali nao, maana msimu huu tunapokea wengi walioungua.

Kwa kitanda, jaza maji ya moto kwenye chupa inayofunga vizuri, izungushie kitambaa kizito, iweke chini ya blanketi kabla mtoto hajapanda. Akipanda, itoe.

Kikohozi huletwa sana na hewa kavu, vumbi na moshi. Anywe maji hata kama hasikii kiu, umpake mafuta ya mgando midomoni na kwenye kingo za pua. Akianza kuhema haraka, au mbavu zinaingia ndani anapovuta pumzi, usingoje asubuhi, mpeleke kituo cha afya. Na kama nyumbani kuna mtoto mwenye selimundu (ugonjwa wa damu wa kurithi), baridi na kukosa maji vinaweza kumwamshia maumivu makali. Huyo avalishwe vizuri kabla ya wote. Chandarua msikikunje: mbu wamepungua, hawajaisha.

Mwalimu wa Jiografia:
Mama wa Ibanda, swali lako nimelipenda, wanafunzi wangu huniuliza hilo hilo kila mwaka.

Urefu kutoka usawa wa bahari si sababu pekee. Bukavu iko karibu na nyuzi 2.5 kusini ya ikweta, Lubumbashi karibu na nyuzi 12. Dunia imeinama nyuzi 23.4, na tarehe 21 Juni hivi jua la adhuhuri linakuwa utosini kwa watu walio mbali kaskazini yetu. Hapa Lubumbashi siku hiyo haliendi juu zaidi ya nyuzi 55, na mchana una saa 11 na nusu tu. Wengine husema jua limetusogea mbali. Ni kweli kwamba mwanzoni mwa Julai dunia iko mbali na jua kuliko wakati wowote wa mwaka, kama kilomita milioni 152 dhidi ya milioni 147 za Januari, lakini hiyo siyo sababu. Kama ingekuwa hiyo, Ulaya nayo ingesikia baridi mwezi wa saba.

Kinachouma zaidi ni anga. Kwenu Bukavu kuna ziwa, unyevu na mawingu, na hivyo huzuia joto la mchana lisiponyoke usiku. Hapa mvua imehamia kaskazini, upepo unatoka kusini-mashariki ukiwa mkavu, na usiku hakuna hata wingu. Joto lote la ardhini linapanda angani. Ndiyo maana Juni na Julai alfajiri inashuka hadi nyuzi 7 au 8 za Selsiasi, na mchana huo huo unafika 25. Hewa ya baridi ni nzito, inateremka mabondeni, kwa hiyo walio karibu na mto hutetemeka kuliko walio mlimani. Moshi wa asubuhi nao hukwama chini kwa sababu hiyo hiyo.

Jiandae na Oktoba pia. Jua linarudi na kupita utosini mwetu mvua haijashika, tunapita nyuzi 30. Hapo ndipo utaikumbuka Julai kwa upendo.

Mama Kampemba:
Mwalimu amesema vizuri, mimi naongeza ya nyumbani. Mdogo wangu, huku unaishi kwa kulifuata jua. Saa nne asubuhi fungua madirisha yote na utoe mablanketi nje. Saa kumi alasiri funga kila kitu, ndani bado kuna joto, usingoje giza. Kama nyumba yako ni mabati bila dari, joto linapotelea juu. Shona hata magunia safi uyatandaze kama dari juu ya kitanda cha mtoto, utaona tofauti. Sakafu ya simenti tandika mkeka, na soksi zisivuliwe.

Maji ya kuoga: jaza bidoni (dumu) nyeusi, iweke juani tangu asubuhi pembeni ya ukuta wa matofali. Kufika saa tisa maji ni vuguvugu, hujachoma hata kipande cha makala. Waogeshe saa hiyo.

Kijana wa Kenya:
Dada Kampemba, mimi ni wa Kenya, mtaa wa hapa hapa Lubumbashi. Na shule je? Mama yangu alituogesha asubuhi mwaka mzima.

Mama Kampemba:
Asubuhi uso, mikono na miguu vinatosha. Mwili mzima mchana, apakwe mafuta ngozi ikiwa bado na unyevu. Mtoto hachafuki usingizini.

Sasa furaha aliyoiuliza. Huu ndio msimu wa kula vizuri. Mahindi yamevunwa, unga ni mpya, bukari (ugali) ina harufu yake. Karanga zimetoka shambani, viazi vitamu viko tele, machungwa yameiva, na mboga za bustani za mabondeni, kabichi na lengalenga, zinapendeza macho. Jioni sisi tunakaa kwenye parsele (uwanja wa nyumba) kuzunguka mbabula, watoto wanachoma viazi ndani ya jivu. Kiazi kizuri usikikimbize: kifunike na jivu la moto, kigeuze mara moja, ngoja mpaka maganda yaanze kutoa asali pembeni. Kula na karanga za kukaanga na chai ya tangawizi. Wazee wanaanza hadithi, na majirani wanaingia bila kualikwa. Wakati wa mvua kila mtu yuko ndani kwake; baridi ndiyo inayotutoa nje tukae pamoja. Harusi ni nyingi kwa sababu hakuna anayeogopa mvua kumharibia sherehe. Wewe mwite yule jirani wa mbabula, lete chai, ndivyo utakavyozoea mji.

Mwana Lushi, Montréal:
Nasoma huku roho ikiwa nyumbani. Huku baridi ni ya theluji, lakini somo moja linafaa na Lubumbashi: nguo tatu nyepesi zinashinda koti moja zito, kwa sababu hewa inayobaki katikati ndiyo inayotunza joto. Na mtoto akitoka jasho mchana, mbadilishe fulana ya ndani kabla ya jioni. Nguo yenye jasho inaleta baridi.

Mama wa Ibanda:
Nimesoma yote kwa sauti, mume wangu akisikiliza. Mbabula hauingii chumbani, tumemaliza. Watoto wakifunga shule mwezi wa saba, tuwapeleke wapi?

Mwalimu wa Jiografia:
Karibu na nyumbani kuna bustani ya wanyama hapa mjini, nendeni saa nne, wanyama nao wanatafuta jua. Usiku watoe nje dakika chache wakiwa wamevaa vizuri, mbali na taa: Msalaba wa Kusini unaonekana mapema jioni, na Nge, kundi jingine la nyota, amejikunja juu kabisa. Anga safi kama hii wakati wa mvua hampati.

Kama mna gari imara na kikundi, kuna maporomoko ya Lofoi kwenye hifadhi ya Kundelungu, yanaanguka zaidi ya mita 300. Nendeni mapema, barabara ikishakauka tu, maana kadiri kiangazi kinavyosonga maji yanapungua. Na Septemba msiondoke mjini, jakaranda zinaanza kuchanua.

Kijana wa Kenya:
Mama, mablanketi na sweta za watoto tafuta sokoni kwetu Kenya, upande wa mitumba. Njoo asubuhi baloti (marobota ya mitumba) zinapofunguliwa, shika kitambaa kwa mkono, chagua sufu. Na mwakani nunua mwezi wa tatu, kabla watu hawajashtuka, bei iko chini.