Kiwanja cha mjini Iringa: ramani imerudi kwa sababu ya maji ya mvua

Mchoraji_IR
Kamwene wakuu. Kiwanja ni mita za mraba 1,200 katikati ya mji, kimeinamia upande wa Ipogolo. Kona ya juu na ya chini zinapishana kimo cha mita 3. Kilikuwa nyasi tupu. Mwenye kiwanja anataka jengo la biashara la ghorofa tatu, na sehemu yote inayobaki iwe pevingi (matofali ya sakafu ya nje) ya kuegesha magari. Ramani imerudi kutoka halmashauri imeandikwa "onyesha maji ya mvua". Upande wa chini kuna barabara ya mtaa yenye mtaro wa sentimita 60 kwa 60. Nikichora bomba la inchi 6 kutoka kwenye gata (mfereji wa paa) hadi mtaroni haitoshi? Na ruhusa ya kuingia mtaroni anatoa nani?

Kalavati
Kamwene. Haitoshi, maana umeonyesha njia, hujaonyesha kiasi. Hesabu ni fupi: sehemu ya mvua inayotiririka, mara mvua kwa milimita kwa saa, mara eneo kwa hekta, gawanya kwa 360. Jibu ni mita za ujazo kwa sekunde. Tuseme mvua ya milimita 60 kwa saa (hiyo ni ya mfano, ya kuweka kwenye ramani kaombe Mamlaka ya Hali ya Hewa). Nyasi za mteremko ukizipa sehemu inayotiririka ya 0.3, kiwanja kilikuwa kinatoa lita 6 kwa sekunde. Bati na pevingi ni 0.9, kwa hiyo kitatoa lita 18. Unachoulizwa ni hizo 12 zilizoongezeka. Mvua hiyo ikipiga nusu saa ni lita 21,600 ambazo zamani hazikumfikia jirani wa chini.

Barabara ya mtaa ni ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini. Ingekuwa barabara kuu au ya mkoa ungekwenda TANROADS, wakala wa barabara wa taifa. Kibali cha ujenzi cha halmashauri hakikupi ruhusa ya kutoboa mtaro. Na gata isiingie kamwe kwenye chemba ya majitaka. Mvua ikikolea, uchafu unafumukia vyooni kwa watu wa bondeni.

Kokoto_Nane
Si achimbe shimo la kunyonya, ajaze mawe, amalize? Mahesabu ya nini yote hayo.

Levo_ya_Maji
Kokoto, kwenye tambarare ningekuunga mkono. Hapa mjini mara nyingi ukichimba unakuta mwamba. Maji yakigonga mwamba hayashuki tena, yanatambaa juu yake mpaka yatokee nyuma ya ukuta wa jirani, na ukuta usio na matundu ya kutolea maji unalala. Mwenye kubisha achimbe shimo la majaribio, alijaze maji, aache yanywee usiku kucha, asubuhi alijaze tena na apime yameshuka sentimita ngapi kwa saa. Yakisimama, hapo hapafai.

Mchoraji, chora tangi la zege la kuyashikilia maji ya mvua, chini ya maegesho, upande wa chini. Kwa vile bomba la kutolea halifikishi lita 6 kwa sekunde mpaka tangi lijae, zile 21,600 ziongezee robo: mita 4.5 kwa 4, kina cha maji 1.5, unapata lita 27,000. Bomba hilo liwe la inchi 2 tu. Kwa kina hicho linapitisha lita 6 kwa sekunde, kiasi kilekile cha enzi za nyasi, na tangi linaisha kwa saa mbili na nusu hivi. Fundi atakwambia inchi 2 ni ndogo, aweke 4. Mkatalie: ya 4 inapitisha mara nne, na tangi linakuwa pambo. Juu weka bomba la dharura la inchi 6. Kabla ya tangi jenga chemba ya kunasa mchanga, na mdomo wa ile ya inchi 2 uwe na wavu, kwa sababu mfuko mmoja wa plastiki unatosha kuiziba. Bomba litokee juu ya usawa wa maji ya mtaro, la sivyo mtaro ukijaa unarudi tangini.

Mchoraji_IR
Mwenye kiwanja anataka maji hayohayo ya kuoshea magari.

Levo_ya_Maji
Hapo ndipo wengi wanapokosea. Tangi likijazwa Novemba kwa ajili ya kuoshea magari, mvua kubwa ya Januari inalikuta limejaa na haliokoi kitu. Ongeza kina kiwe mita 2, bomba la inchi 2 likae sentimita 50 kutoka sakafuni. Zilizo chini yake, lita 9,000, ni za mwenye kiwanja. Za juu asiziguse.

Kalavati
Niongeze la mtaro, maana nao utaulizwa. Wa zege, mteremko wa asilimia 1, maji yakiwa sentimita 50, unapitisha lita 650 hivi kwa sekunde. Tope likijaa sentimita 25, zinabaki lita kama 265. Kwa hiyo mbele ya mlango wa gari msimwage zege moja kwa moja juu ya mtaro, hautazibuliwa tena. Wekeni mifuniko ya kunyanyua yenye vishikio: sentimita 80 kwa 40, unene 10, ni kilo 77 hivi, watu wawili wanaiweza. Panapopita gari unene uwe 15 na nondo za milimita 12. Hapo muite na wa tatu.