Mrejesho: Nimehamia kwenye msumeno wa meza inayoteleza

Nawashukuru nyote mlionijibu nilipouliza kama niachane na msumeno wangu wa meza ya kawaida na kuchukua wenye meza inayoteleza, yaani inayosogea pamoja na mbao kupita kwenye diski ya kukatia. Nilifuata kwanza ushauri wa kutoiamini pembe ya fensi (ukingo wa kuegemezea mbao) iliyowekwa kiwandani: nilikata pande nne za kipande cha plaiwudi, kila mara upande uliotoka kukatwa ukiegemea fensi ya meza inayoteleza, kisha nikarudia upande wa kwanza na kuupima ule ukanda uliotoka katika ncha zote mbili. Tofauti ilikuwa milimita 1.2, niliigawanya kwa 4 kwa kuwa kosa la pembe hujilimbikiza mara nne, nikarekebisha fensi, na sasa ninapata mraba wa kweli. Diski ndogo ya kuchanja, inayotangulia diski kuu, imekomesha kabisa kumeguka kwa melamini (tabaka gumu linalofunika mbao za viwandani) upande wa chini, jambo lililonifurahisha mno.

Kupasua (kukata kwa urefu) vipande vyembamba bado kunanisumbua. Vile vibao viwili vya kubania mbao katikati yake juu ya meza, mlivyonielekeza, viliteleza hadi nilipovibandika msasa, na kwa mbao ndefu kuliko meza havisaidii, hivyo huko bado natumia fensi ya kupasulia, ile iliyo sambamba na diski, na kijiti cha kusukumia. Nafasi nayo sikuipima vizuri, nikalazimika kuhamisha benchi la kazi ili meza ipate njia.