Sukari ya mimba 5.4: ni ugonjwa kweli au maabara imekosea? Naombeni ushauri

Mama Kijacho
Habari za jioni wakuu. Nina ujauzito wa wiki 26. Kliniki walininywesha glukosi wakanipima mara tatu: kabla ya kunywa 5.4, baada ya saa moja 9.1, baada ya saa mbili 7.6. Nesi akaandika "kisukari cha mimba" kwenye kadi kwa wino mwekundu. Lakini fomu ya maabara yenyewe inasema kawaida ni 3.9 hadi 6.1, na jirani yangu mwenye kisukari cha miaka mingi anasema 5.4 hata yeye anaitamani. Sina kiu, sikojoi kupita kawaida. Nataka nikapime HbA1c (kile kipimo cha wastani wa sukari ya miezi michache) kwingine, ikitoka safi niachane na haya mambo. Maabara inaweza kukosea?

Kifuniko Kijivu
Fomu imechapwa kwa ajili ya mtu asiye na mimba, ndiyo maana haikuweka alama yoyote pembeni. Mjamzito ana vizingiti vyake, na Shirika la Afya Duniani lilivipitisha mwaka 2013: kabla ya kunywa 5.1, baada ya saa moja 10.0, baada ya saa mbili 8.5. Ukifikia kimoja tu, jibu limepatikana. Wewe mbili za mwisho umepita, umeangushwa na ile ya kwanza.

Kukosea maabara inakosea, ila mara nyingi kwa kushusha. Chembe za damu zinaendelea kula sukari ndani ya chupa, kama asilimia 5 hadi 7 kila saa. Dawa iliyomo kwenye chupa ya kifuniko cha kijivu inachelewa saa moja na zaidi kabla ya kuzizuia kabisa. Damu ikikaa mezani bila barafu wala kuzungushwa kwenye mashine, 5.4 yako huenda ilitoka mkononi ikiwa juu zaidi. Kwa hiyo kosa unalolitafuta halikusaidii.

Bwana Shamba
Chipsi, soda, juisi za pakiti. Bibi zetu walizaa kumi na hatukusikia haya. Rudini kwenye mihogo.

Mkunga wa Zamu
Bibi zetu hawakupimwa, mzee wangu. Na muhogo nao ni wanga, ukila sahani nzima sukari inapanda vilevile. Kondo la nyuma linatoa homoni zinazoifanya insulini ya mama isifanye kazi sawasawa, na makali yake yanaongezeka kuanzia kama wiki ya 24. Ndiyo sababu kipimo kinapangwa wiki ya 24 hadi 28. Mwembamba asiyejua soda naye anapata.

Mama Kijacho, HbA1c usiitupie pesa. Inahesabu sukari iliyoganda kwenye chembe nyekundu, na ukiwa mjamzito chembe hizo zinaishi muda mfupi zaidi, kwa hiyo inasoma chini. Upungufu wa madini ya chuma unaipandisha, selimundu inaivuruga. Ikitoka "safi" haifuti kipimo cha glukosi. Nijibu manne: ulikaa na njaa saa ngapi? Ulitapika? Mtoto wa kwanza alizaliwa na kilo ngapi? Umepima tena tangu siku ile?

Msoma Miongozo
Tusimtishe dada wa watu. Uingereza wanatumia 5.6 kabla ya kunywa na 7.8 baada ya saa mbili. Kwa vipimo hivyo huyu angeambiwa aende nyumbani.

Mama Kijacho
Asante sana Msoma Miongozo! Ndicho nilichokuwa nawaza. Kumbe ugonjwa unategemea nchi.

Kifuniko Kijivu
Mstari wa kukata ndio unaotegemea nchi. Utafiti uitwao HAPO, wa sukari na matokeo ya mimba, wa mwaka 2008, wenye wajawazito zaidi ya elfu 23 kutoka nchi 9, ulionyesha kwamba hatari inapanda taratibu pamoja na sukari, hakuna ngazi ya ghafla. Kila nchi ikachagua pa kuchora mstari.

Dereva wa Bodaboda
Shemeji yangu alinyweshwa hiyo glukosi akaitapika yote kwenye benchi, halafu

Mkunga wa Zamu
Hadithi ya shemeji iwekee uzi wake. Ila kwa wanaosoma: gramu 75 kwenye maji mililita 250 hadi 300, imalizike ndani ya dakika 5, saa inahesabiwa tangu funda la kwanza. Kisha unakaa. Usiende sokoni ukarudi. Ukitapika, kipimo kimekufa, unarudi siku nyingine. Njaa iwe ya saa 8 hadi 14, na siku tatu kabla yake kula wanga kama kawaida. Ukijinyima wali wiki nzima ili ufaulu, sukari inaweza kupanda hata zaidi. Soda si mbadala.

Mama Kijacho, manne yangu bado yananing'inia.

Mama Kijacho
Njaa saa 10. Sikutapika. Wa kwanza alikuwa kilo 4.4, alikwama mabega kidogo lakini mzima. Nimenunua mashine ya kidole, asubuhi inasoma 5.8, 6.1, 5.9. Lakini Kifuniko Kijivu si umesema maabara zinakosea, sembuse mashine? Nimeacha kula usiku kabisa na nakunywa maji ya mdalasini. Kliniki ya wiki ya 32 ni Jumatatu, nafikiria nisiende kwanza mpaka ishuke.

Mchokonozi
Simameni hapo. Bandiko la kwanza wiki 26, sasa Jumatatu wiki 32? Mimba inakua ndani ya uzi? Hii chai wakuu, tena ya tangawizi.

Dereva wa Bodaboda
Nileteeni na maandazi.

Bwana Shamba
Nilishtuka tangu wino mwekundu.

Kifuniko Kijivu
Anayetunga huweka 15 au 18 ili watu washtuke. Huyu kaleta asubuhi mbovu na saa mbili nzuri, na mashine yake inaendelea vilevile, asubuhi tu. Kutunga hivyo inabidi uwe umewahi kushika majibu. Tatizo langu ni tarehe.

Mama Kijacho
Sijatunga. Wiki 26 ni siku niliyopimwa. Sasa nina 31. Sikurudi walikoniandikia. Waliponitajia sindano ya insulini nikaogopa, na mume wangu sijamwambia.

Msoma Miongozo
Basi nafuta nilichosema. 5.8 hadi 6.1 kila asubuhi hata Uingereza hupiti.

Mkunga wa Zamu
Jumatatu nenda. Usipime upya glukosi kujisafisha, wiki tano zimeshakula muda. Mashine ya kidole haifai kutoa jibu la ugonjwa, kwa sababu inaruhusiwa kukosea: 5.4 inaweza kuwa 4.6 au 6.2. Ila asubuhi tatu mfululizo juu ya 5.3, ambalo ndilo lengo la kuamka kwa aliyekwisha kuandikiwa ugonjwa, si bahati mbaya. Nawa mikono kwa maji na ukaushe kwanza. Kidole chenye maji ya embe kinasoma embe. Vijiti visitolewe kwenye kichupa chake, joto na unyevu vinaviharibu.

Kulala njaa hakushushi sukari ya asubuhi. Ini linamwaga sukari usiku kucha, na mwili ukikosa wanga unaanza kuchoma mafuta. Kula jioni, wanga kiasi cha ngumi yako na protini. Mdalasini hautibu. Wengi hutosheka na chakula na kutembea. Ikishindikana, insulini karibu yote inabaki kwako, kondo haliipitishi. Sukari ndiyo inayovuka, kongosho la mtoto linajibu kwa insulini yake, ndipo anaponenepa mabega. Akizaliwa, sukari ya mama inakatika ghafla na yake inashuka, kwa hiyo anyonye ndani ya saa ya kwanza.

Kuanzia kesho andika namba nne kwa siku: ukiamka, iwe chini ya 5.3, na saa moja baada ya kila mlo, ukihesabu tangu tonge la kwanza, chini ya 7.8. Daftari hilo ndilo la kwenda nalo.

Mama Kijacho
Nimeanza leo. Kuamka 5.9. Saa moja baada ya kifungua kinywa 9.6.

Kifuniko Kijivu
Ulikula nini?

Mama Kijacho
Uji tu. Wa dona.

Mkunga wa Zamu
Mtupu?

Mama Kijacho
Na sukari vijiko viwili. Nimepunguza, zamani vilikuwa vinne.