Gundu, kobe na ndizi: maneno na miiko ya wavuvi wa kayaki

Kafi_Moja
Wakuu, salaam. Natumia kayaki ya plastiki, ile ya kukaa juu, natokea Kunduchi, Dar es Salaam. Wenzangu wa kayaki wana maneno yao: gundu, kapa, kobe, mtoza ushuru. Wenye ngalawa nao wana yao: umande, bamvua, maji mafu. Halafu kuna makatazo: usibebe ndizi, usipige mluzi, usimuulize mtu "umepata?", Ijumaa usitoke mapema. Naomba wazoefu mnichambulie. Lipi la kushika kwa sababu lina kazi baharini, na lipi ni porojo za kijiweni?

Chubwi
Mkuu, kutoka kapa ni kurudi bila hata mkia wa samaki. Gundu, yaani mkosi, ndilo linalolaumiwa kwa hiyo kapa, na samaki wa kwanza wa siku, hata awe wa kidole, ndiye anayetoa gundu. Ndiyo maana wengine hawaanzi na rapala, yaani chambo bandia cha samaki wakubwa. Wanatupa kwanza ndoana ndogo yenye kipande cha ngisi kwenye nyasi za bahari, wanapata changu mmoja mdogo, kisha wanahamia kwa wakubwa. Uchawi haupo hapo. Yule mdogo amekuonyesha wanakula kina gani na mkondo unaenda wapi.

Kobe ni kayaki iliyopinduka, tumbo juu. Mtoza ushuru ni papa anayekata samaki wako ukiwa unamvuta, akakuachia kichwa. Risiti hatoi. Jina hilo limetoka kwa wavuvi wa nje, na limetufaa.

Kuna na kuburutwa: nguru au kolekole akikukokota wewe na kayaki yako. Raha yake inategemea breki ya rili. Uzi wa kilo 15, breki isizidi kilo 4 au 5, na hakikisha samaki anavutia mbele, puani mwa kayaki. Akivutia ubavuni na breki umeikaza, kobe huyo. Kwa nguru weka na kipande cha waya mbele ya ndoana, sentimita 20 hadi 30 zinatosha, la sivyo meno yatamaliza hadithi mapema.

Umande ni upepo wa alfajiri unaotoka nchi kavu. Mwenye tanga anaushukuru, lakini mwenye kafi unamdanganya: unakusukuma nje bila jasho, unajiona una nguvu, kumbe safari ya kurudi hujailipia. Miezi ya kusi, hasa Juni hadi Agosti, elekea kwanza kusini, upande wa Kawe, yaani pigana na upepo ukiwa bado na nguvu, urudi Kunduchi ukiwa nao mgongoni. Ukianza kwa kwenda kaskazini, Mbweni, saa tano utakuwa unapiga kafi huku umesimama palepale.

Mama_Vibua
Kwenye miiko nisikilize mimi, mwanangu.

Ndizi: huo ni mkosi wa mabaharia wa kigeni. Wanasimulia kwamba meli za ndizi zilikwenda mbio zisiozee, kwa hiyo mshipi wa kuburuza nyuma haukushika kitu. Pwani yetu ndizi zinapakiwa majahazini na samaki wanaliwa. Ila ganda kwenye plastiki yenye maji linateleza vibaya, na kayaki haina pa kutupia taka. Beba tende au muhogo wa kuchemsha.

Mluzi: watu wazima watakwambia unaita upepo, na usiku unaita mengine. Nyamaza tu. Sauti ya mluzi au filimbi baharini ibaki ya kuomba msaada. Funga filimbi kwenye jaketi la kuokolea, na isipulizwe kwa mchezo.

"Umepata?": hili lishike kabisa. Jibu utakalopewa ni "kitoweo tu", hata kama ndoo imejaa. Watu wanaogopa kijicho, na pia hawataki umati uhamie kwenye mwamba wao kesho. Wewe salimia, uliza hali ya bahari, atakwambia mwenyewe akitaka.

Ijumaa: wengi hawatoki mpaka baada ya swala. Hata kama dini yako nyingine, fikiri: asubuhi ile baharini kuna watu wachache. Ukigeuka kobe, nani atakuona?

Ubani na dua kabla ya kushusha chombo kipya, fanya au usifanye, hakuna atakayekuuliza. Bunju lakini, yule samaki anayejivimbisha, hana mjadala. Akinasa, mwachie. Sumu iko kwenye ini, mayai na ngozi, na kupika hakuiondoi.

Maji_Mafu
Mama kasema sawa ila kaacha mwezi. Utasikia "mwezi mkubwa samaki hawali". Maneno hayo ni ya wavuvi wa dagaa wanaotumia taa: mbalamwezi ikiwa kali, taa yao haikusanyi kitu, wanapumzika. Wewe wa ndoana uangalie bamvua, yaani siku ambazo maji yanajaa na kupwa sana. Linakuja siku moja au mbili baada ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, na hapa Dar tofauti ya maji kujaa na kupwa inapita mita 3. Mkondo unakuwa mkali, chubwi (risasi ya kuzamisha mshipi) ya gramu 60 haigusi chini, utahitaji 150. Na ukichelewa kurudi, maji yamepwa, unaburuta kayaki juu ya matope na mawe. Anayeanza achague maji mafu, yaani siku ambazo tofauti hiyo ni ndogo, mwezi ukiwa nusu. Kumbuka pia saa za maji zinasogea kama dakika 50 kila siku, usitumie za juzi.

Nanga usiifunge ubavuni hata siku moja. Funga mbele au nyuma, kamba iwe mara tatu ya kina au zaidi, kisu kiwe kifuani. Mkondo wa bamvua ukishika nanga ya ubavuni, kayaki inalala upande kabla hujasema bismillahi.

Kafi_Moja
Ahsanteni sana. Sasa ikishakuwa kobe, nafanyaje?

Chubwi
Shika kayaki kwanza, usikimbilie rodi. Pitisha mkono juu ya tumbo lake, kamata mpini au kamba ya upande wa pili, jivute nyuma kwa uzito wako mpaka igeuke. Kisha lala kifudifudi majini, piga miguu hadi mwili uelee, jivute tumbo lipite juu ya kayaki katikati. Hapo wengi wanaharibu: wanajaribu kupanda kama wanapanda kitanda, magoti kwanza, inageuka tena. Tumbo kwanza, halafu geuza makalio yaingie kwenye kiti, miguu mwisho.

Zoezi lifanyie kwenye maji ya kifua, na vifaa vyote vimefungwa kwa kamba fupi, isizidi mita 1. Ndefu zinakusokota miguu. Kabla ya kushusha, gusa kizibo cha kutolea maji. Kikiwa kimesahaulika, kayaki inameza maji taratibu, inakuwa nzito na kuyumba, na hapo utasema ni gundu.

Pwani_Yangu
Nyongeza moja. Visiwa vya hapa Dar vya Mbudya, Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini ni maeneo tengefu tangu 1975, kuvua hairuhusiwi. Mtu akikwambia mwamba wa Mbudya una baraka, muulize nani atalipa faini.

Mama_Vibua
Na ndizi za kukaanga mnaruhusiwa, mkisharudi.